Kifaru na Kitabu cha Visima

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, nchi ya nyika ilikuwa na maktaba. Humo mlikuwa na vitabu vya wahenga, na kilichopendwa kuliko vyote ni kitabu cha visima. Alikiandika Bibi Kobe, aliyekufa zamani hata vitukuu wake hawakumjua sura. Kila mnyama alikuwa huru kukisoma, kukinakili na kuwasomea wanawe.

Mchwa walipoanza kutafuna vitabu, Kifaru alijitolea kuvipiga picha na kuviweka mtandaoni. Wanyama wakafurahi. Wakamchangia mashine, wakambebea vitabu mpaka kwake. Kacha, kacha, kacha, kurasa zote zikaingia kwenye kompyuta.

Kazi ilipokwisha, Kifaru akavifungia vitabu vyenyewe stoo, eti visichakae. Kwenye kila picha akapiga muhuri: MALI YA KIFARU, MARUFUKU KUNAKILI. Aliyetaka kusoma aliambiwa aombe kibali, na aliyeomba aliambiwa asubiri.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Swala akaenda kwa Kifaru kuomba ukurasa mmoja tu, ule unaoeleza mahali pa kuchimba maji wakati wa ukame. Akaambiwa ombi lake linashughulikiwa. Akarudi, akaambiwa vivyo hivyo. Aliporudi tena alikuwa ametoka kumzika mwanawe mdogo. Kifaru akampa pole, kisha akamwambia utaratibu ni utaratibu.

Kindi, jirani yake Swala, aliposikia hayo alikasirika.

"Kobe ndiye aliyeandika, sisi ndio tuliobeba, yeye kapiga picha tu," alisema. "Leo mtoto afe kwa ajili ya muhuri wake?"

Utotoni Kindi alisomewa kitabu kile na bibi yake. Mahali penye maji alikuwa amepasahau, lakini mwanzo wa ukurasa ule ulimchekesha sana, hakuusahau. Akaenda kwa Kifaru, akaamkia kwa adabu, akamuuliza anakipenda kitabu gani zaidi. Kifaru akajibu kwamba vyote ni vizuri, picha zake zimetoka safi. Hapo Kindi akajua kuwa hajasoma hata kimoja.

"Mzee, kesho Mfalme Tembo anakutana na raia," Kindi akasema. "Ukiwasomea ukurasa wa visima kwa sauti yako, nani atauliza tena mwenye kitabu ni nani?"

Kifaru akavimba kichwa. Akakubali, kwa sharti kwamba asiwepo wa kuandika wala kurekodi.

Kesho yake alisimama mbele ya wote, ukurasa aliouchapa kutoka kwenye picha zake ukiwa mezani, akatangaza kwamba kila neno atakalolisoma ni mali yake.

"Kila neno, Mzee?" Kindi akauliza.

"Kila neno na kila nukta."

Akaanza kusoma: "Babu yake Tembo alikuwa mlafi na mchafu. Alioga ndani ya kisima cha watoto, ndiyo maana tukachimba vingine, tukavificha..."

Akainua macho. Tembo alikuwa amesimama, masikio wima.

"Maneno hayo ni ya nani?"

Kindi akarukia mezani, akauinua ukurasa ili wote wauone muhuri. Pu! Tembo akapiga mguu chini.

"Si yangu, Mfalme," Kifaru akasema. "Ni ya Bibi Kobe, naye alishakufa. Kitabu ni cha watu wote."

"Rudia, Mzee," Kindi akasema. "Walio nyuma hawakusikia."

Akarudia, huku akitazama chini. Tembo bado alikuwa na uchungu wa tusi, lakini alichokisikia alikisikia. Akaamuru mihuri ifutwe na stoo ifunguliwe siku hiyohiyo.

Swala mwenyewe akausoma ukurasa mpaka mwisho. Wakaenda nyuma ya mawe meusi, wakachimba, maji yakabubujika. Watoto wakanywa mpaka matumbo yakajaa.

Swala hakunywa. Alichota ndoo, akaitua mbele ya Kifaru.

"Yatazame," akamwambia. "Yalikuwa hapa siku zote."

Basi wanangu, lililoachwa na wahenga kwa ajili ya wote, anayelifungia peke yake ni mwizi, hata akilipigia muhuri.