Njia ya Pumzikoni

Njia haifungwi na majani, hufungwa na miguu.

Mmeyasikia maneno hayo asubuhi ya leo kwa Bi Mwanasha, mkwewe alipomweleza kuwa hakuonekana tangu Ramadhani kwa sababu ya mvua. Mlicheka nyote, kisha mkaja kuniuliza usemi huo umetoka wapi. Haukutoka mbali, wajukuu zangu, wala hauchekeshi. Ulianza hivi.

Zamani, kabla ya barabara ya malori, watu wa hapa Mtondooni walikwenda Chambweni kwa miguu. Njia ilianzia ufukweni, ikafuata mchanga mgumu kando ya mikadi, ikavuka mkondo wa mikoko wakati maji yametoka, kisha ikapanda jabali la matumbawe. Juu ya jabali palikuwa na uwanda wa mawe paitwapo Pumzikoni. Aliyesimama pale aliiona bahari mpaka inapogeuka rangi, na akiipa mgongo aliyaona majaruba ya mpunga ya Chambweni na moshi wa majiko yao. Kutoka hapo njia iliteremka katikati ya mikorosho hadi kijijini. Mtu akitoka alfajiri, jua la mafungulia ng'ombe lilimkuta amekwisha kufika.

Katika njia hiyo walikulia ndugu wawili wa kike, Somoe na Kibibi. Mama yao alikuwa mzaliwa wa Chambweni, na kila mwezi aliwachukua kwenda kumwamkia bibi yao. Kibibi alipochoka kupanda jabali, Somoe alimbeba mgongoni, ingawa alimzidi miaka minne tu. Walipokuwa wakubwa, Somoe aliolewa kulekule Chambweni na Mbaruku, mkulima wa mpunga. Kibibi aliolewa hapa na Shebwana aliyekuwa akisuka madema ya kuvulia samaki. Kila baada ya wiki mbili walikutana Pumzikoni, mmoja na mchele, mwingine na papa mkavu. Walikaa wakazungumza mpaka jua likawachoma, wakaagana, kila mtu akarudi kwake.

Barabara ilipopasuliwa upande wa bara, wengine waliihama njia ile kidogo kidogo. Waliona heri kungoja lori la siku ya gulio, hata kama lilizunguka kutwa nzima. Ikabaki njia ya wale wawili, na miguu yao minne iliitosha.

Mwaka mmoja mama yao aliugua. Alikuwa akiishi kwa Kibibi, na Kibibi ndiye aliyemuogesha, akamlisha, akakesha naye. Alipofariki, mtu alipelekwa mbio Chambweni. Maiti haingoji, nanyi mnajua. Somoe alipofika, mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikuta wanawake wamejaa uani, naye nguo zimemlowa mpaka kifuani.

Kibibi alimtazama. Alikuwa hajalala siku tatu. Akasema, na wote wakamsikia, "Watu baki wamemzika mama yangu. Wewe kifungua mimba wake, umekuja kufanya nini?"

"Ni bamvua, mdogo wangu," Somoe alisema. "Mkondo umejaa. Nimesimama ng'ambo nikingoja maji yapungue."

"Anayemtaka mamaye hangoji maji."

Somoe alikaa siku tatu za matanga, akapika, akafagia, akapokea wageni. Siku ya nne alijifunga kanga yake akaondoka. Hakumuaga nduguye, na nduguye hakutoka kumsindikiza.

Sasa Kibibi alijua kuwa amekosa. Alijua siku ileile, ulimi wake ulipotulia. Mdogo ndiye huenda kumwangukia mkubwa, hilo hata mtoto analijua. Lakini alijisemea, "Atakuja kwenye arobaini, nitamwomba radhi papo hapo." Arobaini ilifika. Somoe hakuja. Alituma gunia la mchele kwa lori, na salamu kwa watu wote wa nyumba. Kibibi aliutazama mchele ule akaona uchungu. Salamu za watu wote, naye ni mmoja katika watu wote.

Masika ikaingia. Shebwana alimuuliza, "Huendi kumtazama dada yako?"

"Njia imeota majani," Kibibi alijibu.

Na kweli ilikuwa imeota, ila majani ya mwezi mmoja, ya kupangusa kwa mguu tu. Mwaka wa pili Shebwana alimuuliza tena, jibu likawa lilelile, na safari hii majani yalifika kiunoni. Mwaka wa nne upupu ulitambaa ukafunika njia ya jabalini, na mikwamba ikashikana miiba. Shebwana akaacha kuuliza. Kibibi alikuwa akienda ufukweni kuokota kuni, akafika hadi mkondoni, akasimama akitazama ng'ambo. Kisha akajitwika kuni zake akarudi. Ilipita miaka saba.

Siku moja, baada ya gulio, alipita mwuza vyungu kutoka bara, akakaribishwa maji. Alipokuwa akinywa akamwambia Kibibi, "Dada yako wa Chambweni nimemwacha yuko kitandani. Kifua kimembana, hata kukaa hawezi. Amenishika mkono akaniuliza kama nitapita Mtondooni."

"Amekutuma uniambie nini?"

"Hakunituma neno. Ameniuliza tu kama nitapita."

Lori lilikuwa limekwisha ondoka, na gulio jingine lilibaki siku sita. Kibibi hakungoja. Kesho yake alfajiri alichukua panga la mumewe akashika njia. Shebwana alitaka kumfuata, lakini mgongo wake ulikuwa umekwisha kumshinda kwa kuinamia madema.

Ufukweni alikwenda vizuri, na mkondo aliukuta umekauka. Mashaka yalianzia jabalini. Alipopajua kama kiganja chake hapakujulikana tena. Alifyeka hatua, akapiga hatua. Upupu ulimwasha mikono mpaka ikavimba, miiba ikamchana kanga na miguu. Mara mbili alipotea, akatokea kwenye ukingo wa jabali, bahari ikiwa chini yake, akalazimika kurudi nyuma. Jua la mafungulia ng'ombe lilimkuta hajafika hata nusu ya kupanda. Adhuhuri ilimkuta bado anafyeka, akilia bila kuacha kazi, kama mtu anayekata vitunguu.

Mchana ukiwa umeinama alitokea Pumzikoni. Akasimama kuvuta pumzi, kisha akageukia upande wa Chambweni, tayari kuanza upya.

Upande ule njia ilikuwa wazi.

Kibibi hakuamini. Aliinama akashika kisiki cha mkwamba. Kilikuwa kimekatwa kwa panga, na pembeni kilikuwa kinachipua. Kilichofuata kilikatwa vilevile, na cha mbele yake pia. Matawi yalikuwa yamepangwa kando, yamekauka, mikorosho imepunguzwa isimkwaruze mpitaji, na chini pamefagiwa. Njia nzima ya mteremko ilikuwa safi, kisha ikakoma palepale juu ya mawe, kama mtu aliyekuwa akisema neno akanyamaza.

Kibibi aliliangusha panga, akateremka akikimbia.

Alifika Chambweni wakati wa alasiri. Mbaruku alimwona anakuja kutoka mikoroshoni, kanga imechanika, mikono inatoka damu, akainuka kwenda kumpokea. Uso wake ulisema kabla ya mdomo.

"Tumemzika adhuhuri, shemeji," alisema. "Alikata roho asubuhi, jua limepanda kidogo. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho."

Kibibi aliketi chini mchangani. Hakupiga yowe. Aliuliza, "Nani amefyeka njia?"

"Yeye mwenyewe. Tangu vuli alikuwa akitoka kila asubuhi na panga, nami nadhani anakata kuni. Nilipomfuata nikamkuta yuko katikati ya mteremko. Nikamwambia, mke wangu, si upande lori? Akanijibu, 'Kwa lori huenda mgeni. Mimi kwa mdogo wangu nina njia yangu.'" Mbaruku aliketi karibu naye. "Alisema wewe una haya, tangu utotoni. Kwamba hutaweza kuanza, basi aanze yeye. Alipofika Pumzikoni kifua kikamwangusha. Akawa ananiambia, 'Nimebakiza upande wa baharini tu.'"

Wanawake wa Chambweni walikuja wakamzunguka Kibibi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye huruma, alimshika bega akamwambia, "Usijilaumu, mwanangu. Umejitahidi. Majani ndiyo yaliyoifunga njia."

Kibibi aliinua kichwa. Alisema polepole, kama anayehesabu, "Majani hayana kosa, mama. Yaliota pale tulipoacha kukanyaga. Njia haifungwi na majani, hufungwa na miguu. Na miguu yenyewe ni hii yangu."

Wanawake walimchukua, wakamsafisha miiba, wakampeleka kaburini kabla ya magharibi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Yale aliyoyaweka miaka saba aliyasema pale, akiwa amelala kifudifudi, na waliokuwa naye walijitenga ili wasisikie.

Matanga yalipokwisha, Mbaruku alitaka kumtafutia nafasi katika lori. Kibibi alikataa. Alirudi kwa njia ya Pumzikoni, akaokota panga lake pale alipoliangusha, akaumaliza upande wa baharini vizuri, kisiki kwa kisiki, kwa muda wa siku tisa. Baada ya hapo alikwenda Chambweni kila baada ya wiki mbili, miaka kumi na moja, hadi aliposhindwa kupanda. Njia haikuota tena. Lakini kila alipofika juu ya mawe alikaa peke yake, akafungua papa wake mkavu, na hapakuwa na mtu wa kuja na mchele.

Watu wa hapa waliyachukua maneno yake, wakayasema mpaka leo. Mkimsikia mtu anasingizia mvua, au umbali, au shughuli, kwa ndugu yake aliye hai, mwambieni kama Bi Mwanasha alivyomwambia mkwewe: njia haifungwi na majani, hufungwa na miguu.