Kanga Zilizotandikwa Vumbini

Kila nchi ina namna yake ya kumheshimu aliyeipigania. Mjerumani humbandika askari wake nishani kifuani. Unguja, sultani humvisha mtu wake joho. Na sisi wa bonde la Rufiji je? Wapo waliodhani hatuna kitu. Lakini wahenga, ambao hawakuwa wajinga, walisema mcheza kwao hutuzwa.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Muharami alirudi kijijini kwao, karibu na Ngarambe, akichechemea kwa mkongojo. Risasi ilimvunja goti kule milima ya Umatumbi. Alikuta njaa imetamalaki, maana maghala yalichomwa moto. Kila alipopita aliinamisha kichwa kwa haya: maji waliyonyunyiziwa hayakuzuia risasi, na wenzake wengi hawakurudi.

Msimu wa mpunga ukawadia. Akida, mtawala wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, akatangaza kuwa shamba lolote litakalokutwa na mvua halijalimwa atapewa Hilal, mwana wa kijiji hicho hicho aliyepigana upande wa Wajerumani. Hilal hakuchelewa kuja kulikagua shamba la Muharami, nishani kifuani.

"Ndugu yangu, mimi Wajerumani wamenituza," alisema. "Wewe umetuzwa nini, zaidi ya huo mkongojo?"

Maneno yale yalimchoma Muharami kama mwiba wa mchongoma. Akamwambia mkewe, "Johari, funga mizigo. Mguu huu haulimi. Tuondoke kabla hatujafukuzwa."

"Baba Chiku, mimi siendi popote," Johari alijibu. "Ngoja kwanza kuche."

Kulipokucha, ngoma ililia. Kijiji kizima kilikuwa mlangoni, majembe mabegani. Mbele alisimama Bi Mwanaamina, mjane aliyepoteza wana wawili vitani. Muharami alimwogopa huyo kuliko wote. Bibi akavua kanga aliyojitanda, akaitandika vumbini, miguuni pa Muharami. Kijijini hapo aliyetandikiwa kanga ni bwana harusi tu, siku ya kuingia kwa mkewe.

"Pita, mwanangu," alisema. "Wanangu walikwenda nawe. Nisipokutuza wewe, nimtuze nani?"

Wanawake wengine nao wakatandika zao, nguo baada ya nguo, mpaka shambani. Muharami akazikanyaga huku akilia waziwazi, na fahari imemjaa kifuani. Vigelegele vikahanikiza. Wengine wakalima, wengine wakamjengea dungu, kibanda cha juu cha kulindia mpunga, kwa kuwa kufukuza ndege na nguruwe hakuhitaji magoti mawili.

Jua lilipofika utosini, akida alikuja na Hilal. Ilibaki pembe moja tu ya shamba haijalimwa. Akida akaguna, akarudi alikotoka. Hilal alibaki kando, na nishani yake hakuna aliyeitazama. Mwishowe akaifungua, akaitia mfukoni, akaomba jembe.

"Karibu," Muharami alimwambia kutoka dunguni, kichwa juu. "Hapa ni kwenu pia."

Hilal akainama kulima ile pembe. Nishani ilitoka ng'ambo kwa watu wasiojua hata jina la mama yake. Kanga zile zilitoka migongoni mwa mama zao. Hakika, mcheza kwao hutuzwa.