Vyoo vya Soko na Chemchemi ya Meya

Palikuwa na meya katika mji wa Kombeza, Mheshimiwa Shemndolwa, mtu aliyependa vitu vinavyong'aa. Viatu vyake viling'aa. Kipara chake kiling'aa. Sasa akataka na mbele ya ofisi yake pang'ae.

Nusu mwaka ilipofika, madiwani wakakaa kupitia bajeti, na Meya akaja na ombi lake: fedha za vyoo vya soko zibadilishiwe kazi, zijenge chemchemi chini ya dirisha lake. Bwawa la marumaru, na katikati samaki wa shaba anayetema maji juu mchana kutwa.

"Vyoo tutajenga mwakani," alisema. "Choo hakikimbii."

Madiwani wakatikisa vichwa kukubali. Kweli, hakikimbii. Chao kilikuwa hatua kumi tu kutoka vitini mwao, kina vigae na sabuni inayonukia waridi.

Kwenye benchi la nyuma, lile la wananchi, alikaa Somoe. Somoe alikuwa mpara samaki katika soko la ng'ambo ya barabara, na magamba yalikuwa bado yamemganda mikononi. Wanawake mia mbili sokoni, choo hata kimoja hakuna. Ukibanwa unakwenda baa ya jirani, ulipe, na mwenye baa akukague kuanzia kisigino. Wengine waliona heri wasinywe maji tangu alfajiri. Juzi tu Mwanahawa, mimba ya miezi saba, alianguka chini ya meza yake ya dagaa kwa kiu. Somoe ndiye aliyemnyanyua. Basi leo alikuja na nia moja: hatoki humu bila vyoo.

Sasa sikiliza sheria ya Kombeza. Katikati ya mwaka fedha inaweza kubadilishiwa kazi, lakini haitoki ndani ya fungu lake. Na fungu la vyoo liliitwa Maji na Usafi. Tena kuna sheria ya pili, waliyoitunga baada ya kurasa fulani kupotea kimiujiza: kila neno la kikao karani analiandika kwa wino na kulisoma kwa sauti, na likishasomwa halifutwi.

"Kuna swali?" aliuliza Meya. "Hakuna. Tuen—"

"Lipo."

"Nani huyo?"

"Somoe, Mheshimiwa. Mpara samaki. Ile harufu unayoilalamikia dirishani kila siku, ndiyo mimi."

Madiwani wakacheka. Meya hakucheka.

"Uliza upesi, mama."

"Fungu la Maji na Usafi halijengi mapambo. Hiyo chemchemi ni kitu gani?"

Meya akatabasamu. Swali hilo alilitarajia.

"Si pambo. Ni huduma. Ina maji? Inayo. Maji yanasafisha? Yanasafisha. Karani, andika."

Karani akaandika, akasoma.

"Huduma ya nani, Mheshimiwa?"

"Ya wananchi wote!"

"Hata sisi wa sokoni?"

"Nyinyi hasa!"

"Kwa bei gani?"

"Bure, mama! Bure, usiku na mchana! Mimi si mchoyo."

Madiwani wakapiga meza. Karani akaandika, akasoma. Somoe akakaza khanga yake kiunoni.

"Basi sisi wa sokoni tunaunga mkono. Kwa mikono miwili."

Meya, aliyekuwa ameshaandaa tusi, ikabidi alimeze. "Mmeona? Mama huyu ana akili!"

"Asante, baba. Naomba tu ratiba yetu iandikwe, tusije tukagombania maji. Alfajiri ni sisi wapara samaki, tunaosha mabeseni. Saa mbili ni wachinja kuku, na matumbo yao. Saa sita, jua likichoma, wabeba mizigo wataoga."

"Wataoga?"

"Usafi, Mheshimiwa."

"Chini ya dirisha langu? Wamevaa nini?"

"Kwani wewe ukioga huwa unavaa nini?"

Diwani mmoja akapaliwa na chai. Karani akaandika, akasoma, hata swali la mavazi.

"Alasiri," Somoe akaendelea, "ni nepi."

"We mama! Mwezi ujao balozi anakuja kuizindua!"

"Anakaribishwa. Anakuja saa ngapi? Tumbane katikati ya kuku na nepi."

Meya akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Kipara kilikuwa kimelowa jasho.

"Hakuna! Hakuna atakayetia hata kidole! Lile ni pambo! Pambo la kutazamwa tu!"

Ikasikika kalamu peke yake, kwaru, kwaru, kwaru.

"'Lile ni pambo,'" karani akasoma. "'Pambo la kutazamwa tu.'"

"Futa!"

"Limeshasomwa, Mheshimiwa."

Madiwani wakatazama dari. Dari halikuwasaidia. Ndipo yule aliyepaliwa na chai akakohoa na kusema, "Sasa kama ni pambo, fungu hili halilijengi. Fedha zinabaki kwenye vyoo." Mkono wake ukapanda. Ukafuata wa pili. Kisha ukumbi mzima ulikuwa mikono juu, maana nani angetaka jina lake lisomwe kwa sauti likiwa upande wa pambo?

Somoe akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi, akainuka aende zake.

"Mama wewe," Meya akamwita. "Balozi ameshaalikwa. Akifika akiuliza mradi wangu wa mwaka huu uko wapi, mimi nimwonyeshe nini?"

"Mwonyeshe mlango, Mheshimiwa. Wanawake kushoto, wanaume kulia."