Kiti Kimoja cha Mheshimiwa Lukindo

Sogeeni, na aliye na cha kutafuna ameze kwanza, maana hii si ya kusikiliza kwa sikio moja.

Mjini Kisimachema walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwanasiti, mpishi wa karamu za msikitini na mshika funguo za ukumbi, alinusa uongo kabla haujaiva. Katekista Polikarpo wa kanisani akisikia hotuba leo, mwakani atakukariria pamoja na vikohozi vyake. Na Siwema, fundi cherehani, alikuwa na ulimi usiojua kuogopa cheo.

Wakati huo nchi ilikuwa inatunga sheria mpya ya ndoa: mwanamume akitaka kuoana na mwanamume, au mwanamke na mwanamke, serikali iwaandikishe. Mji ukachemka. Ndipo Mheshimiwa Lukindo alipokuja kuomba kura za ubunge.

“Hakuna shehe wala padri atakayelazimishwa kufungisha ndoa ambayo dini yake inaikataa,” akaahidi jukwaani.

“Na kumbi zetu?” watu wakauliza.

“Nazo.”

“Masufuria? Wapishi?”

“Vyote, wazee wangu.”

Vigelegele vikapigwa, kura akapata.

Bi Mwanasiti hakupiga kigelegele. “Mbona hakubisha hata moja?” alimnong'oneza jirani yake. “Muuzaji anayekubali bei ya kwanza, inua matunda ya juu utazame ya chini.”

Akakaanga visheti, akaenda kwa mke wa karani wa Mheshimiwa, eti amemkumbuka tu. Wakasema ya harusi, wakasema ya wake wenza. Sahani ilipobaki makombo, yule mama akaropoka: kwenye rasimu ya sheria, wasiolazimishwa wamebaki shehe na padri peke yao. Kumbi, masufuria na wapishi vimefutwa. Bi Mwanasiti akajiona anaburutwa mahakamani kwa kukataa kupika. Akautangazia mji, na mji ukamwita Lukindo mkutanoni.

Lukindo akacheka. “Masufuria, mama zangu? Mimi niliahidi masufuria?”

Watu wakaanza kuyashuku masikio yao wenyewe. Hapo akasimama Katekista Polikarpo, akaikariri hotuba yote tangu salamu, mpaka pale Mheshimiwa alipomeza nzi akaomba maji. Yule nzi ndiye aliyewakumbusha. Wakacheka, halafu wakanuna.

Lukindo akabadili sura, akawa mpole. “Sawa, nilisema. Lakini nawahurumia wenzetu wanaoisubiri sheria hii. Nikiyarudisha hayo, wataumia.”

Mkutano ukakwama. Nani anataka kuonekana katili?

Siwema akainuka. Mji mzima ulijua kwamba yeye na mchumba wake Adventina wanaisubiri sheria hiyo ili waoane. “Usinifanye mimi pazia lako, Mheshimiwa. Sheria naitaka, na harusi yangu nitaifanya na wanaonitakia heri. Pilau ya mpishi aliyelazimishwa hainishuki kooni. Warudishie ulichowaahidi, na changu usikiguse.”

Lukindo akakosa pa kujificha. Maneno yakarudishwa, sheria ikapita.

Baadaye akaja tena, tabasamu hadi masikioni. “Mji huu umepata kiti katika baraza la kulinda uhuru wa dini. Apewe aliyeiokoa ahadi. Mkishindwa kumchagua kufikia Ijumaa, nitamweka shemeji yangu.”

Bi Mwanasiti akanusa. Kiti kimoja, makalio matatu: bwana huyu ametuletea ugomvi kwenye sinia. Lakini hata yeye alikitaka.

“Ningenyamaza mimi, sheria ingepita mmelala,” alisema.

“Na bila mimi, bibie, ungeitwa mzushi,” akajibu Polikarpo.

“Bila mimi mngekuwa bado mmekaa mnahurumiana,” akasema Siwema. “Nimetetea masufuria ambayo hayatanipikia, mama. Nani mwingine hapa ametetea kisichokuwa chake?”

Bi Mwanasiti akamtazama. Binti huyu awe mlinzi wa mlango wa msikiti? Moyo ulikataa. Lakini mbona pua yake, iliyomnusa kila mtu mjini, haikuwahi kupata harufu ya uongo kwa huyu?

Alhamisi imeingia, shemeji ameshashonesha suti. Haya, ninyi mnaotikisa vichwa: kiti apewe aliyeufichua uongo, aliyeuthibitisha, au aliyeunyima maficho? Amueni, na kila mtu aseme sababu yake. Asiye na neno, shemeji anamshukuru.