Bi Pimbi na Muhuri wa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na gari!
Gari la nani?
La mnyama mfupi kuliko usukani wake.
Sasa aliliendeshaje?
Kwa kukalia vigoda viwili. Tulieni, mtasikia.

Mnyama huyo aliitwa Bi Pimbi. Aliishi kwenye mawe ya mlimani na watoto wake watatu, na kazi yake ilikuwa kupeleka asali sokoni. Gari lake lilikuwa kuukuu, la rangi ya kutu. Alilinunua kwa madumu thelathini ya asali, na ndilo lililowalisha watoto.

Siku moja gari likaanza kulia. Likikanyaga shimo, kong'o! Likikanyaga jiwe, kong'o! Bi Pimbi akalipeleka kwa Kiboko.

Kiboko alikuwa na duka kubwa la magari, vioo pande zote. Aliuza magari, akatengeneza magari, na mezani kwake palikuwa na muhuri wa duara, mkubwa kama sahani. Msituni kote, karatasi isiyo na muhuri wa Kiboko haikuwa karatasi. Naye aliupenda muhuri huo kuliko chakula, na chakula alikipenda sana.

"Gari linagonga, Bwana Mkubwa," Bi Pimbi alisema kwa sauti ndogo.

Kiboko hakuinuka kitini. Akalitazama gari kupitia kioo, akapiga mwayo.

"Shokapu ya mbele kulia, imekufa! Andika!"

"Imekufa!" akaitikia Kasuku, karani wake, huku akiandika.

"Ya mbele kushoto, imekufa! Andika!"

"Imekufa!"

"Ya nyuma kulia, imekufa. Ya nyuma kushoto, imeoza kabisa. Springi zote nne, marehemu! Andika!"

"Marehemu!"

Muhuri ukashuka: pwa!

"Madumu arobaini ya asali, Mama."

"Arobaini! Gari lenyewe nililinunua thelathini!"

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Kama huna, liache hapa. Ila likilala, ni langu. Ndio utaratibu wetu."

Bi Pimbi akatoka na karatasi yake. Watoto watakula nini, mawe? Akafika uani, akasimama. Hebu kwanza. Huyu bwana amezijuaje shokapu zangu na hata kitini hajatoka?

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akajipenyeza chini ya gari. Ufupi nao una siku yake ya kupendeza. Akagusa shokapu ya kwanza: kavu, haijavuja mafuta. Ya pili, kavu. Ya tatu, kavu. Ya nne, kavu. Springi, hakuna iliyokatika. Akapanda juu ya boneti, akaruka kwenye pembe moja, pu! Gari likabonyea, likainuka, likatulia. Pembe ya pili, pu! Likabonyea, likainuka, likatulia. Pembe zote vivyo hivyo. Shokapu iliyokufa ingemrusha juu na chini kama mtoto kitandani.

Akarudi chini. Ndipo akaiona: bushi moja, kipira kidogo kama kifungo cha koti, kimelika, chuma kinagonga chuma.

"Kumbe ni wewe," akakiambia.

Saa sita mchana akarudi ndani mbio, anahema.

"Bwana Mkubwa! Tembo anataka gari langu! Kwa madumu themanini!"

Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Ila anataka karatasi yako kwamba gari ni zima. Bila muhuri wako hanunui. Likiuzika, nusu yako."

"Kasuku! Kalamu! Shokapu ya mbele kulia, nzima! Andika!"

"Lakini Bosi, asubuhi ili..."

"Asubuhi ilikuwa asubuhi! Andika!"

"Nzima!"

"Ya mbele kushoto, nzima. Za nyuma, kama zimetoka kiwandani jana. Springi zote nne, hai na zinacheka! Andika!"

"Zinacheka!"

Pwa!

Kiboko hakujiuliza hata kidogo Tembo ataingiaje kwenye gari la vigoda viwili.

Bi Pimbi akaenda kwenye benchi la wateja. Walikuwepo Nyati, Ngiri na Pundamilia, wanasubiri tangu alfajiri.

"Jamani, nisomeeni. Haya maandishi yananichanganya."

Nyati akapewa karatasi ya kwanza, Ngiri akapewa ya pili.

"Shokapu, imekufa," akasoma Nyati.

"Shokapu, nzima," akasoma Ngiri.

"Gari la Bi Pimbi."

"Hata hili la Bi Pimbi."

"Leo asubuhi."

"Leo mchana."

Wakaangalia muhuri. Ni uleule. Kisha kila mmoja akatoa karatasi yake mfukoni.

"Ala! Hata langu marehemu?" Pundamilia akafoka. "Na nimelinunua hapahapa juzi!"

Kiboko akatoka ofisini, jasho linamtiririka. "Mama, tuyamalize kimyakimya."

"Sina makuu, Bwana Mkubwa. Bushi moja mpya, bure. Uifunge mwenyewe."

Kiboko akashusha pumzi, akabana tumbo, akaingia chini ya gari. Akafunga bushi. Akataka kutoka: nyiii! Tumbo likagoma.

"Andika, Kasuku!" akasema Nyati. "Kiboko, amekwama!"

"Amekwama!" akaitikia Kasuku, akauchukua muhuri yeye mwenyewe: pwa!

Wateja wakaliinua gari, na Kiboko akatimua mbio mpaka mtoni. Yumo hadi leo. Akisikia gari linapita darajani, anabakiza macho na masikio tu, asije akadaiwa karatasi.

Bi Pimbi akarudi nyumbani. Akakanyaga shimo: kimya. Akakanyaga jiwe: kimya. Watoto wakalamba asali mpaka viwikoni.

Basi, wanangu, fundisho ni hili: ukipeleka gari kwa fundi, usiulize, usichungulie chini, wala usirukeruke juu ya boneti. Lipa tu. Mwenye kiti kikubwa anaona vizuri zaidi akiwa amekaa.

Ngano yangu nimeiegesha hapa, na breki ya mkono nimevuta. Atakayeisikia inagonga, aingie chini aangalie mwenyewe.