Bi Nyati na Somo la Tumoro

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana kwa kuwa redio zilikuwepo, wanyama walikuwa na nyumba na meko kama sisi. Mwaka huo mvua ilikataa. Ardhi ilipasuka, na maziwa ya Bi Nyati yakakauka huku ndama wake, Tunu, angali ananyonya.

Askari wa pori walikuwa wamehama na kuiacha redio yao kibandani. Ilikula jua na kusema peke yake, asubuhi na jioni, kwa Kiingereza kitupu. Wanyama walijua kwamba habari za maji zimo humo, ila hawakuweza kuzitoa.

Bi Nyati akamwendea Nguchiro, mnyama mdogo kama kiganja, aliyewahi kuishi chini ya jiko la mwalimu wa shule.

"Nifundishe, Mwalimu," akasema. "Nimechoka kutegemea masikio ya wengine."

"Nitakufundisha, Bi Mkubwa. Ada yangu univunjie kichuguu, nipate mchwa."

Kwa! Kichuguu kikalala chini, na masomo yakaanza. Walianzia jikoni: faya ni moto, woota ni maji. Wakaenda sokoni, wakaenda kwenye hali ya hewa: reini ni mvua. Bi Nyati alikuwa mzito wa ulimi lakini hakuwa mvivu. Alirudia maneno akitembea, alirudia akimlamba Tunu.

Asubuhi moja Nguchiro alisikiliza habari peke yake. Adhuhuri akaja kufundisha, akiwa mpole kuliko siku zote.

"Leo tusome siku," akasema. "Yestadei ni kesho. Tumoro ni jana. Sema."

"Yestadei, kesho. Tumoro, jana."

"Vizuri sana."

Jioni ukoo wote wa nyati ukakusanyika nje ya kibanda. Redio ikakwaruza, kwaru kwaru, kisha ikasema. Bi Nyati akatega sikio. Akalisikia jina la Kwamsisi, penye birika kuukuu la saruji. Akasikia woota. Akasikia tumoro. 

"Wamesemaje, mke wangu?" mumewe akauliza.

"Maji yaliletwa Kwamsisi jana. Tumechelewa."

"Una hakika? Au ni maneno ya Nguchiro?"

"Nguchiro hajaniambia kitu. Nimesikia mwenyewe."

 Angeambiwa na mtu, angeshuku. Lakini nani hushuku masikio yake? Bi Nyati alimtazama Tunu, ambaye miguu ilikuwa ikimtetemeka, akaona safari ya bure itammaliza. Wakalala njaa na kiu.

Kesho yake jua lilipopanda, Kanga akapita akiwa na tope bichi miguuni.

"Mbona hamkuja Kwamsisi, dada? Watu wametumwagilia maji tangu alfajiri."

"Hayo si ya jana?"

"Nguchiro alitwambia sisi wadogo kuwa redio imesema tumoro. Tumoro ni kesho, dada yangu. Hata vifaranga wangu wanajua."

 Bi Nyati alimwacha Tunu kwa babake, akakimbia, vumbi likitimka nyuma yake. Alipofika, gari la maji lilikuwa limekwenda zake. Sungura, digidigi na ndege walikuwa wakiondoka matumbo yamejaa. Birika lilibaki na unyevu tu, na pembeni alikaa Nguchiro.

"Mwalimu, tumoro ni nini?"

"Ni kesho, Bi Mkubwa."

"Na yale mengine uliyonifundisha?"

"Yote ni kweli. Nilidanganya mawili tu."

"Kwa nini?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Mkiingia nyinyi majini, sisi hunywa tope. Nilikuja kwenu kuomba wadogo wanywe kwanza. Ukoo wako ulicheka."

"Mimi sikucheka."

"Hukucheka. Hukusema neno pia. Na wanangu wawili walikwisha kufa kwa tope lile."

Bi Nyati angeweza kumkanyaga. Badala yake aliingia birikani, akapiga magoti, akalamba saruji mpaka ulimi ukapata ubaridi. Kisha akaufumba mdomo, akarudi mbio bila kumeza.

Tunu alikuwa amelala kivulini. Mama akampitisha ulimi midomoni, polepole, mara kwa mara. Mtoto hakumeza. Mumewe akasema, "Mwache sasa, mama Tunu," lakini hakumwacha mpaka jua likazama.

Nguchiro alikuwa amemfuata kwa mbali. Aliyaona yote, akakaa pale kwenye nyasi kavu, na hakuna aliyemfukuza wala kumkaribisha.

Hapo ndipo nilipolitua gunia la hadithi, nanyi chukueni punje hii: adui uliyemnyima sikio usimkabidhi ulimi wako.