Chui Anyoosha Mkono

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walifagia nyua zao asubuhi na kupelekeana mboga jirani kwa jirani, palikuwa na shule juu ya kilima cha mawe. Shule yenyewe haikuwa na paa wala mlango. Ubao ulikuwa ukuta wa mwamba, chaki ilikuwa kipande cha mkaa, na mwalimu alikuwa Pimbi.

Wadogo zangu, Pimbi mnamjua? Ni mnyama asiyefika magotini mwenu, mviringo kama mkate wa mofa, mkia hana, na miguu ni mifupi hata ukimwona amesimama utadhani amekaa. Wakubwa wakitaka kumdharau mtu humwita pimbi. Wangemwona mwalimu huyu siku ninayotaka kuwasimulia, jina hilo wangeligombania.

Mwalimu Pimbi alikuwa mtu wa wasiwasi. Wanafunzi wakifika, aliwahesabu, kisha aliwahesabu tena, isije ile hesabu ya kwanza ikawa imemdanganya. Neno likikaa upande ubaoni, alilifuta akaliandika upya. Na kabla ya somo alimwonyesha kila mtoto ufa wake wa kukimbilia mwambani.

"Panya, ufa wako?"

"Huu, Mwalimu."

"Kindi?"

"Ule, Mwalimu. Ni ule ule wa jana."

"Najua ni wa jana. Nauliza wa leo."

Wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Kila mzazi aliyemleta mtoto alimkabidhi kwa mdomo wake. Mama Sungura alikuja amejifunga kanga kiunoni, akamsukuma mwanawe mbele, akasema, "Mwalimu, nakukabidhi mtoto mzima, na masikio yake yote. Jioni nimpokee hivyo hivyo."

"Utampokea, dada," Pimbi akajibu. Na tangu alipotamka neno hilo, usingizi wake ulipungua.

Muhula ule walikuwa wakijifunza aina za maneno. Mwalimu anauliza, darasa linajibu kwa pamoja, sauti zinapanda hadi kwenye kilele.

"Nomino?"

"Ni jina la kitu, la mtu, la mahali!"

"Kitenzi?"

"Hutaja tendo!"

"Kivumishi?"

"Huisifia nomino!"

"Kielezi?"

"Hukieleza kitenzi!"

Sauti hizo zilisikika hata nyuma ya jabali, na nyuma ya jabali walilala Chui na Fisi, wakingoja mtoto mmoja achelewe. Walilala leo, wakalala kesho. Mtoto hakuchelewa, ila masomo yaliwaingia. Elimu, wadogo zangu, haiulizi sikio ni la nani.

Fisi yalimwingia kwa sikio moja yakatokea la pili. Lakini Chui, lazima niseme kweli, alikuwa na kichwa. Alirudi nyumbani jioni tumbo tupu, akakaa barazani, akamwambia mkewe, "Mke wangu, leo kuna baridi kali. Hiyo 'kali' ni kivumishi."

Mkewe akafunua sufuria, akamwonyesha ndani. "Kivumishi hakijazi hii."

Chui akaifunika sufuria. Alichokitaka si chakula tu sasa. Alitaka mtu mmoja, hata mmoja, amwambie: umepata.

Basi siku moja Sungura alipita njia ya shamba la kunde. Akatafuna jani, akatafuna la pili, jua likapanda naye hana habari. Alipoanza kupanda kilima mbio, wenzake walikuwa wameshaketi, na mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, pale ambapo mlango ungekuwepo, shingo ameinyoosha kumtafuta.

Mara, puu! Kitu chenye madoa kikaruka kutoka nyuma ya jabali.

"Nyufani!" Pimbi alipiga ukelele.

Churuchuru, churuchuru, watoto wakapotea mwambani. Vumbi likatulia. Pimbi, ambaye naye alikuwa ameingia katika ufa wake, akachungulia nyufa zote moja baada ya nyingine, akihesabu pua. Hesabu ilipungua kwa pua moja.

Katikati ya darasa alisimama Chui. Chini ya mkono wake wa kulia alilala Sungura, macho yamemtoka, hata kulia hawezi. Fisi alikuwa pembeni anajilamba.

"Bwana mkubwa, ulinipa ahadi ya paja," Fisi alisema.

"Nilikupa ahadi ya mifupa."

"Mifupa ya paja."

Pimbi alitetemeka mpaka mchanga ukamwagika kutoka juu ya ufa. Alimwona Mama Sungura akija jioni, kanga kiunoni, mikono imekunjuliwa kupokea. Akajiambia, nikitoka nitaliwa. Kisha akajiambia, na nisipotoka, nitamwambia nini? Akatoka.

Hakwenda mbio. Alitembea hadi mbele ya ubao, akaokota mkaa wake, akasafisha koo.

"Mmevamia somo katikati," alisema. "Mimi siachi somo katikati."

Fisi akacheka mpaka akakohoa. Chui hakucheka. "Somo la leo ni lipi?" aliuliza, akijifanya kama hajali.

"Aina za maneno. Marudio, kabla ya mtihani."

"Tunazijua hizo," Chui alisema. "Muhula mzima tumezisikia hapo nyuma. Sema chochote nitakwambia ni neno la aina gani."

"Hata mimi," Fisi akadakia. "Nomino ni kitu kinacholiwa."

Pimbi akamtazama Chui. Aliona sharubu zake zikiruka, kama mtu aliyetiwa pilipili puani. Wadogo zangu, mwalimu wa kweli akimtazama mwanafunzi mara moja tu hujua ugonjwa wake. Pimbi aliujua ugonjwa wa Chui. Chui hakuweza kuvumilia jibu baya.

"Ngoja kwanza nimvunje huyu shingo," Chui alisema, "halafu tuendelee."

"Vunja," alisema Pimbi, na sijui alipata wapi sauti ile. "Lakini ukimvunja, mimi naingia mwambani na darasa limekwisha. Utaondoka na majibu yako yote tumboni. Na nani atakwambia kama umepata?"

Chui akafikiri. Kucha zilizokuwa zimetoka zikarudi ndani kidogo.

"Somo moja," alisema. "Halafu nakula."

"Karibuni darasani. Ketini. Hapa kwetu wanafunzi huanza kwa salamu."

"Shikamoo, Mwalimu," Fisi akasema haraka.

"Marahaba," Pimbi akajibu kwa mazoea, kisha akashangaa amemjibu nani. "Sheria zangu ni hizi. Anayejua hunyoosha mkono. Anayeitwa husimama wima, ndipo hujibu. Fisi, tuanze na ile nomino yako. Jiwe ni nomino?"

"Hapana, Mwalimu. Haliliwi."

"Mfupa?"

"Huo ni nomino kabisa."

"Na mlima?"

Fisi akautazama mlima, akatathmini. "Inategemea njaa."

Chui hakuweza kuvumilia. "Wewe mjinga, jiwe ni nomino! Mlima ni nomino! Jina la kitu chochote!"

Pimbi akazunguka polepole, kama asiyejua sauti imetoka wapi. "Nani amezungumza bila kunyoosha mkono?"

"Mimi. Lakini nimesema jibu."

"Sijasikia jibu. Nimesikia kelele."

Mle nyufani mtoto mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Chui akaona haya. Jibu lilikuwa sahihi, naye alijua ni sahihi, na halikuhesabiwa.

"Swali la pili," Pimbi aliendelea. Mkaa mkononi hakuuacha ucheze. "Katika 'Fisi anacheka', kitenzi ni kipi?"

Fisi akanyoosha mkono. Chui naye akanyoosha, wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kazi.

Pimbi akautazama mkono ule kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichooza. "Bwana Chui. Wa kushoto?"

"Wa kulia umeshika."

"Nyumbani kwako wageni huwapa chakula kwa mkono wa kushoto?"

"Hasha," Chui alisema. "Mimi nimelelewa."

"Nilidhani hivyo. Basi hapa jibu ni kama chakula, unampa mwalimu. Shusha. Fisi, jibu."

Fisi akasimama wima. "Kitenzi ni Fisi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye anayetenda."

Chui alitoa mlio kama wa mtu aliyekanyaga mwiba. Aligeuka huku, akageuka kule. "Fisi," alisema, "hebu nishikie huyu kidogo."

"Kwa moyo mmoja, bwana mkubwa," Fisi akasema, mate yakamdondoka mpaka kwenye mguu.

Chui akayaangalia yale mate. "Basi, acha. Nani alimkabidhi fisi nyama akaikuta?" Akafikiri tena, akamvuta Sungura akamkalia. Sungura akatoweka chini ya manyoya, yakabaki masikio tu. "Sasa mkono wangu uko huru. Mwalimu, niulize."

"Vizuri. Simama ujibu."

Chui akainuka nusu, akakumbuka amekalia nini, akaketi tena. Akainuka, akaketi. Mwishoni akamrudisha Sungura chini ya mkono wa kulia, kucha zikambana kuliko mwanzo. Pimbi akaona zinavyozama katika manyoya ya mtoto, na kwa mara ya kwanza mkaa ukacheza mkononi mwake.

Aliogopa amekosea. Pengine alikuwa anamchosha Chui tu, na aliyechoka hula. Lilibaki swali moja. Akageuka ubaoni ili uso wake usionekane, akaandika polepole, kila herufi mahali pake:

Chui mwerevu anajibu vizuri.

Akasimama kando ya sentensi. "Swali la mwisho, nalo ndilo gumu. Tangu shule hii ianze, hakuna mwanafunzi wangu aliyelipata lote bila kusaidiwa. Nataka kila neno na aina yake. Nani anajua?"

Chui aliisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Jina lake mwenyewe ubaoni. Macho yakang'aa, na alikuwa analijua, wadogo zangu, alikuwa analijua lote.

"Mimi," Fisi akasema, mkono juu.

"Haya, Fisi."

"'Chui' ni kivumishi."

"Mh," alisema Pimbi. "Endelea."

"'Mwerevu' sijui, sijawahi kukutana naye. 'Anajibu' ni nomino. Na 'vizuri' ni wingi wa 'kizuri'. Nimemaliza."

Pimbi akashusha pumzi. "Kama hakuna mwingine," alisema, akainua mkaa kana kwamba anataka kuandika, "basi itabidi jibu la Fisi libaki ubaoni."

Libaki ubaoni. Watoto wa wanyama wote walisome. Chui ni kivumishi.

Chui akasimama. Alisimama wima kama mti wa mnazi, kifua mbele, na mkono wake wa kulia ukapanda juu, vidole vimenyooka, kama wa mwanafunzi bora kuliko wote waliowahi kupita kilimani pale.

Pururuuu!

Kilichoonekana ni masikio mawili yakikata vumbi, na ufa mmoja mwambani ukaumeza mkia mweupe.

Fisi alipiga yowe. Chui akatazama chini, akauona mchanga mtupu, akaelewa. Lakini mkono ulikuwa bado juu, na Pimbi alikuwa bado amesimama mbele ya ubao, hajakimbia.

"Ndiyo, Bwana Chui," alisema. "Tunakusikiliza."

Angeweza kumrukia. Hatua mbili tu. Lakini jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, na limekaa huko muhula mzima.

"'Chui' ni nomino," Chui akasema. "'Mwerevu' ni kivumishi, kinaisifia nomino. 'Anajibu' ni kitenzi. 'Vizuri' ni kielezi."

Mwalimu mwingine yeyote angekuwa ameshaingia mwambani. Pimbi hakuweza kujizuia. "Kielezi cha nini?"

"Cha namna," Chui akajibu papo hapo. "Kinaeleza anavyojibu."

Pimbi akaweka alama ya vema ubaoni, kubwa, iliyonyooka. Ndipo akapiga mbizi ndani ya ufa wake, na kucha za Chui zikakwaruza jiwe nyuma yake, kwaru, kwaru.

Zikakwaruza, kisha zikaacha. Halafu sauti ya Chui ikaja pale mlangoni pa ufa, ndogo, kama ya mtoto aliyebaki nyuma darasa likitoka.

"Mwalimu. Nimepata yote?"

"Umepata yote," Pimbi akasema kutoka gizani. "Nami sikupunguzii hata nukta."

Fisi alikuwa bado anazunguka akinusa mchanga. "Na paja langu je?"

"Twende," Chui akamwambia. "Na njiani usiniambie tena kwamba mimi ni kivumishi."

Jioni Mama Sungura alimpokea mwanawe, akamgeuza mbele na nyuma, akayavuta masikio moja moja, akaona ni mzima. Alipomwuliza wamesoma nini leo, Sungura alisema wamerudia aina za maneno. Pimbi aliwatazama wakishuka kilima mpaka akawa hawaoni, kisha akaenda ukutani kuufuta ubao, akaiacha ile alama ya vema.

Ndiyo maana wahenga walitufunza: mwenye nguvu usimvute mkono, mpe sababu ya kuuinua.